Msimu Nilioshona Uzee

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na kazi imeanza leo hii hii. Nimechukuliwa kushona mavazi ya filamu. Wamenipa chumba cha nyuma cha ghala walilokodi: dirisha moja, meza ya kukatia, na bati linalovuja pembeni, karibu kabisa na soketi ya umeme. Nimehamisha cherehani upande wa pili kabla hata sijavua koti.

Filamu yenyewe ni ya mapenzi na vichekesho. Mjane wa miaka sitini na tano anajiunga na tovuti ya wachumba, anampata mzee wa sabini, wanagombana, wanapatana, wanaoana. Nimeisoma skripti yote wakati wa chai na nimecheka mpaka nikajifuta machozi kwa kipande cha bitana. Kuna mahali wanakula pamoja kwa mara ya kwanza, na mzee ni kiziwi. Mama anasema, "Napenda maua." Mzee anaruka kitini: "Unapenda kuua?" Mama anasema ameshiba, mzee anauliza ameiba nini. Basi ni hivyo kurasa tatu nzima.

Mjane anaigizwa na dada wa miaka thelathini na saba, wote humwita Nyota. Mzee anaigizwa na Mchekeshaji, ambaye hata hamsini hajafika. Nikamwuliza mwongozaji, kijana anayeitwa Bosi na kila mtu, kama alikosa waigizaji wa umri huo.

"Mama Fundi, wazee wanachoka haraka," akasema. "Wewe tushonee uzee tu."

Ndiyo kazi yangu. Nishone vazi la ndani la sponji, lenye tumbo, nyonga na mgongo uliopinda kidogo, Nyota alivae chini ya magauni. Nikauliza vipimo nitoe wapi. Bosi akanitazama juu mpaka chini. "Jipime mwenyewe."

Nina miaka sitini na tatu. Nimejipima.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Tumbo limekwisha, nyonga bado.

Jumamosi, 8 Machi

Aliyeandika skripti ni binti wa miaka ishirini na sita, mwenye miwani mikubwa kuliko uso, basi jina lake ni Miwani. Amekuja chumbani kwangu na vikombe viwili vya chai.

"Shikamoo, Mama Fundi. Nina ombi, na nakuomba usinicheke."

"Marahaba. Sema."

"Hapa kazini aliyevuka sitini ni wewe peke yako. Mimi nimeandika wazee wa kwenye mtandao na simjui hata mmoja. Ningependa ujiunge na ile tovuti, kwa ajili ya utafiti tu. Halafu uniambie watu wanaambiana nini."

Nilimpendea ukweli wake. Nikampa simu, akanijazia kila kitu, akanipiga picha nikiwa nyuma ya cherehani, kuanzia kifuani kwenda juu. Mguu wangu wa kushoto ulipooza nikiwa na miaka minne. Natembelea chuma kilichofungwa mguuni na fimbo. Kwenye picha mguu hauonekani, nami sikumwambia Miwani arudi nyuma hatua mbili uonekane.

Binti yangu, ninayeishi naye tangu baba yake afariki miaka tisa iliyopita, sijamwambia lolote.

Jumatano, 12 Machi

Utafiti. Wa kwanza ana sabini na mbili, anatafuta "aliye chini ya arobaini, mnyenyekevu." Wa pili kanitumia picha ya trekta, yeye mwenyewe hayumo. Wa tatu kaniuliza kama najua kupika kabla ya kunisalimu. Nimemsimulia Miwani. Anaandika huku anachekea puani.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kaandika wa nne. Hana picha, anajiita Mpiga Chapa. "Bibi Mshonaji, umeandika kwamba unapenda ukimya, redio, na watu wasiotia chumvi. Ukimya na redio vinakaaje nyumba moja? Nimefanya kazi ya uchapaji miaka thelathini na moja, nikisoma kurasa kabla hazijaingia mashineni na kusahihisha makosa ya wengine. Sasa nimestaafu. Sina wa kumsahihisha."

Nikamjibu kwamba redio ni ya asubuhi na ukimya ni wa mchana, na kwamba akitaka anisahihishe mimi. Baada ya dakika kumi akajibu: "Hakuna kosa. Nimesikitika."

Nilicheka peke yangu na pini mdomoni. Hatari ile.

Jumatano, 19 Machi

Tunaandikiana kila siku. Habari zake simpi tena Miwani. Nimemwambia utafiti umepungua.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemaliza vazi la sponji. Nyota amelijaribu mbele ya kioo changu. Tumbo langu, nyonga zangu, mgongo wangu, na juu yake kichwa cha msichana chenye shingo laini. Ni kazi nzuri, siwezi kujisema vibaya. Mshono hauonekani popote.

Saa saba mvua ikapumzika, nikakatiza uani kwenda chooni. Narudi, nikamsikia Bosi: "Nyota! Umemwona Mama Fundi anavyotembea? Tembea vile. Uzee ndio ule." Nyota akajaribu. Akachechemea kutoka mlango wa ghala mpaka kwenye kamera, na wale vijana wa taa wakashika mbavu. Nilisimama pale na fimbo yangu, maji yakinichuruzika. Hawakuwa wananicheka mimi, sijui kama walikuwa wameniona. Walikuwa wanacheka mwendo. Lakini mwendo ule nimeanza nikiwa na miaka minne. Uzee hauhusiki.

Jioni kabla ya kutoka Nyota amekuja, amevua sponji, jasho linamtoka.

"Mama Fundi, nisamehe. Niliambiwa nikafanya. Ndiyo kazi yangu."

Nikamwambia yameisha. Akabaki mlangoni.

"Unajua nikifika sitini watafanyaje? Wataniletea binti wa thelathini aniigize mimi."

Nilikuwa nimemchukulia kuwa dada wa kujiona. Nimekosea.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwomba Mpiga Chapa tuzungumze kwa simu. Akasema simu yake ina hitilafu.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Nimempigia mwenyewe, bila kumwambia. Imeita mpaka ikakata. Baada ya dakika mbili akaandika: "Nimeona umepiga. Samahani, nipo mahali penye kelele."

Jumapili, 30 Machi

Mara ya tatu. Nimempigia ya video, akaikata. Akaandika kwamba leo hakunyoa ndevu.

Binti yangu ameikuta simu mezani, akasoma. Nilidhani atacheka. Alikaa chini.

"Mama, huyu ni tapeli. Mtu asiyetaka sauti yake isikike wala uso wake uonekane ni nani? Huenda ni vijana watano ndani ya chumba kimoja."

"Vijana watano hawawezi kuweka nukta mahali pake," nikamjibu.

"Usinifanyie mzaha. Nitakuja kukuokota wapi?"

Nilimwambia mimi si sarafu. Tukanuniana mpaka chakula cha jioni. Lakini ukweli ni kwamba usingizi umenipaa. Na mimi nani? Mtu wa kuanzia kifuani kwenda juu.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwandikia: tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, mkahawa ulio jirani na posta, au tuachane kwa heshima. Jibu limekuja baada ya saa sita: "Nitakuja. Nitavaa shati la kijani."

Nimeandika "Kuna jambo kuhusu mguu wangu." Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefika saa nne kasoro robo, nimelowa upande mmoja. Shati la kijani lilikuwa tayari limekaa, limeelekea mlango. Mtu mrefu, mwembamba, mvi zimekatwa fupi, daftari mbele yake. Kutoka mlangoni mpaka meza ile ni hatua kumi na nne, nazijua kwa sababu nilizihesabu. Akanitazama nikitembea zote. Uso wake haukubadilika. Akasimama, akanivutia kiti.

Nikaanza kuongea kabla sijakaa vizuri, kama ninavyofanya nikiwa na hofu. Kwamba mvua, kwamba samahani kwa mguu, ningesema mapema, kwamba nimelelewa na baba yangu baada ya mama kufa, ndiye aliyenifundisha cherehani, fundi mkubwa, mwenye ndevu mpaka kifuani. Yeye alikuwa akinitazama mdomo bila kupepesa, anaitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye ndevu akaonekana kuingiwa na huzuni. Akavuta daftari akaandika, akanigeuzia.

"Pole sana. Mama yako aliishije na ndevu hizo?"

Nikamwangalia. Akaandika tena.

"Mimi ni kiziwi tangu nina miaka saba, niliugua homa ya uti wa mgongo. Nasoma midomo. Lakini baba na mama midomoni ni mtu mmoja. Jaribu kwenye kioo. Nilipaswa kukuambia mapema. Kila niliyemwambia mapema hakuandika tena."

Nilihisi hasira kwanza, lazima niiandike. Karibu wiki nzima nalala nikiwaza vijana watano. Halafu nikamwona mama yangu na ndevu zake mpaka kifuani, na huyu bwana mwenye adabu anakubali tu, anaitikia, anasikitika naye. Nikacheka mpaka fimbo ikaanguka. Nikachukua kalamu nikaandika: BABA. Akasoma, akajipiga paji la uso, akacheka naye, bila sauti, mabega tu.

Mhudumu alikuja akaniuliza mimi, "Mzee anakunywa nini?" Nikamwambia amwulize mwenyewe. Akainama, akampigia kelele sikioni. Mpiga Chapa akafuta sikio taratibu kwa leso, akamwonyesha kwenye orodha: chai ya maziwa.

Tumekaa mpaka saa saba. Daftari limebaki kurasa mbili.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemsimulia Miwani habari ya ndevu, bila kusema ni nani. Amevua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa.

"Mama Fundi, hii ni nzuri kuliko yangu. Yangu niliitunga kichwani, hata sikufikiri kiziwi anaonaje."

Amekaa pembeni mwa meza yangu akaandika upya kurasa zote tatu. Nimezisoma. Mzee anasoma midomo, mama anaongea na chakula mdomoni, na kila mmoja ana lake analoficha. Zinachekesha na zinauma.

Jioni amerudi ameinamisha kichwa. Bosi amekataa. Kasema kila aliyemsomea maua na kuua amecheka, na kitu kinachochekesha hakiguswi. Nami sikufungua mdomo. Nilikuwa na gauni la kuwekea zipu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Zipu. Mpiga Chapa amenifundisha alama tatu kwa mikono: chai, uzi, umechoka?

Jumatano, 16 Aprili

Nimewasha taa mchana kweupe kwa jinsi kulivyo kweusi nje, naandika ili mkono usikae bure.

Mpiga Chapa alitaka kuona ninapofanya kazi. Nilimwambia aje leo kwa sababu leo walipaswa kwenda kupiga picha sokoni, nami ningebaki chumbani na nafasi ya kumkaribisha. Lakini mvua ikawazuia, Bosi akaamua watumie siku kwa tukio la ndani. Akachagua lile la chakula. Mimi nilijua hayo saa nne. Mpiga Chapa alifika saa nne na dakika tano, na mwavuli na mkate wa tangawizi.

Alitaka kuona taa. Nani hataki kuona taa? Tukasimama nyuma, karibu na nyaya. Nyota alikuwa ndani ya sponji yangu, Mchekeshaji na unga kichwani, kiganja nyuma ya sikio. "Napenda maua." "Unapenda kuua?" Ghala zima likaangua kicheko. Waliambiwa wanyamaze, wakarudia, wakaangua tena. Mchekeshaji alikuwa amegeuka upande, Mpiga Chapa hakuona midomo yake. Aliona watu tu. Vijana wa taa wamekunjana, Bosi anajifuta macho. Akatabasamu naye, lile tabasamu la mtu anayesubiri kuambiwa. Akanipa daftari.

"Wanacheka nini?"

Ningeweza kuandika chochote. Ningeandika kwamba Mchekeshaji amejimwagia mchuzi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na yeye ananisubiri kwa uso wa wema kabisa.

Nikaandika: "Mzee ni kiziwi. Mama anasema maua, yeye anasikia kuua. Wanacheka hilo."

Akasoma. Akatazama kule mbele, kile kiganja nyuma ya sikio. Akaandika polepole, kwa mwandiko ule ule mzuri:

"Na wewe ulicheka?"

"Ndiyo. Siku ya kwanza, kabla sijakujua."

Akafunga daftari. Akanipa mkate. Akatoka na mwavuli wake bila kuufungua, nikamwona anavuka ua wote ule kwenye mvua, umening'inia mkononi.

Nilirudi chumbani. Mkate uko hapa mezani. Sijui mtu anafanya nini na mkate wa namna hii.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Bosi, nimejikaza kisabuni. Nikamwambia tukio lile halichekeshi.

"Ulicheka mwenyewe, Mama Fundi," akasema, wala si kwa ubaya. "Siku ya kwanza. Nilikusikia kutoka nje."

Nikarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwandikia. Kimya.

Jumamosi, 19 Aprili

Kimya. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Binti yangu ameniuliza kwa nini sili. Nimemweleza yote, kuanzia picha ya nyuma ya cherehani. Nilidhani ataniambia, nilikuambia. Alichoniambia ni, "Kumbe ni mmoja tu." Halafu akaosha vyombo vyote peke yake.

Jumanne, 22 Aprili

Kimya. Nimeuma sindano ya mashine ikavunjika. Naona nimeandika vibaya: kitambaa ndicho kilichoiuma. Basi.

Alhamisi, 24 Aprili

Amejibu. Nainakili hapa yote, maana simu hupotea.

"Nimesoma ujumbe wako mara nyingi. Kabla sijaugua, mtaani kwetu alikuwapo mzee kiziwi, muuza mkaa. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumwigiza. Watoto walinizunguka wakicheka. Miezi michache baadaye nikawa yeye. Kwa hiyo siwezi kukasirika kwamba ulicheka. Kilichoniuma ni kusimama tena katikati ya watu wanaojua kitu nisichokijua. Nimeishi hivyo. Watu hucheka, nikiuliza wananiambia, si kitu. Kaka zangu, mke wangu wa zamani, hata wanangu: si kitu, baba, si kitu. Wewe niliuliza ukaandika. Imenichukua siku nane kuliona hilo. Ule mkate umeula?"

Niliula asubuhi iliyofuata, wote, kwa hasira. Nimemwambia hivyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ya mawe. Bati limefumuka. Nimekuta maji yamejaa chumbani mpaka kifundo cha mguu, cherehani salama, magauni salama, vazi la sponji limeanguka kutoka kwenye kitundikio na kunywa maji yote hayo. Tulilibeba watu watatu kama gunia la mchanga.

Jumatatu, 28 Aprili

Sponji haikauki. Imeota ukungu na inanuka kama mbwa. Nyingine ya aina ile haipatikani mpaka barabara iliyofungwa na mvua ifunguke, na karamu ya harusi ndiyo tukio la mwisho, inapigwa wiki ijayo. Bosi amekuja chumbani kwangu, maji shingoni. Nyuma yake Nyota, Miwani na Mchekeshaji.

"Mama Fundi, tuokoe. Nyota tutampiga picha ya uso tu. Wewe simama badala yake, kwa nyuma. Unaingia, unakwenda kwenye meza, basi. Mwili ni ule ule."

"Ni ule ule kwa sababu ni wake," akasema Nyota.

Nilikuwa nimekaa. Nilibaki nimekaa, maana nikisimama huwa naonekana nina haraka.

"Nitasimama," nikasema. "Lakini nina mawili. La kwanza, sitakuwa mgongo. Nitakuwa mgeni wa harusi, mtu mzima na uso wake. Nitaingia na chuma changu na fimbo yangu, kamera ikiwa mbele, na asiwepo wa kucheka. Huyo Nyota mwoneshe amekaa, bibi harusi anaruhusiwa kukaa. La pili, lile la chakula mlipige upya kama alivyoandika huyu mtoto, na aje mtu anayejua ukiziwi awaelekeze."

"Upya? Mama, tuna siku ngapi?"

"Mna mvua. Nje hamtoki."

Bosi akakuna kichwa. Akamgeukia Mchekeshaji amsaidie. Mchekeshaji, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno la maana tangu Machi, akasema, "Mimi kusema kweli nimechoka na hiyo kuua. Watu wanacheka mara mbili, ya tatu nawaona wanatazama saa. Tupige la ndevu."

Kwa mara ya kwanza nikamwona Bosi alivyo: kijana mwenye hofu ya kufanya kichekesho watu wasicheke. Akasema, "Nawapa saa tatu tu. Mkizidisha narudi kwenye maua."

Jumanne, 6 Mei

Amekuja. Nilimwomba mara moja tu na nikamwambia akikataa sitanuna. Alivaa shati lile la kijani.

Kazi kubwa ilikuwa mkono wa Mchekeshaji. Kila akianza, kiganja kinapanda nyuma ya sikio chenyewe. Mpiga Chapa akaupiga kofi ukashuka. Ukapanda tena, akaupiga tena. Halafu akaandika kwa herufi kubwa: SIKIO LIMESTAAFU. JICHO NDILO LINALOFANYA KAZI. Mchekeshaji akaibandika karatasi ile kwenye meza, mahali kamera haifiki.

Kisha wakapiga. Nyota, meza ikiuficha mwili usio na sponji, anaongea kwa haraka, anaficha hofu, anamsifu baba yake mwenye ndevu. Mchekeshaji anamtazama midomo, uso unaingia huzuni taratibu, anaandika "Pole sana," na yule wa vipaza sauti akapiga kicheko kikaharibu sauti yote, ikabidi warudie. Mpiga Chapa hakuuliza wanacheka nini. Alianza kucheka kabla yao.

Filamu haijawa ya wazee. Wanaoigiza wazee bado ni vijana, na unga bado ni unga. Katika karamu nimeingia na mguu wangu, hatua tisa, nimeketi. Bosi hakuomba radhi. Aliuliza jina la Mpiga Chapa linaandikwaje, aliweke mwishoni pamoja na la Miwani. Mpiga Chapa akaliandika mwenyewe, akalikagua mara mbili.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua nyepesi. Nimerudisha cherehani nyumbani.

Jumapili, 25 Mei

Wiki nzima jua. Leo amekuja kula kwetu mchana.

Binti yangu alipika tangu asubuhi kama mtu anayetarajia ukaguzi. Mgeni alipofika, binti akamsalimu kwa kupaza sauti, kila neno peke yake, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha aibu ikamshika, akaweka mkono mdomoni.

"Toa mkono, mwanangu," nikamwambia. "Unamfungia dirisha."

Akautoa. Mambo yakaenda vizuri kidogo. Tukala. Mpiga Chapa akaandika, binti akajibu kwa mdomo, mimi nikatafsiri kwa alama zangu ishirini na tano, nusu zimekosewa. Mezani akajua kwamba binti ni mwalimu wa hesabu, binti akajua kwamba yeye ana wajukuu wawili wanaoishi mbali.

Nikiwa nakusanya sahani, binti akanifuata jikoni, akampa mgongo mgeni, akanong'ona: "Mama, lakini kweli anakupenda, au ni upweke tu?"

"Kwa nini unaniuliza mimi? Geuka."

"Mama!"

"Geuka, umwulize. Yupo pale."

Aligeuka. Uso ulimwiva, lakini ni binti yangu, akishaanza haachi. Akasimama kwenye mlango wa jikoni mwanga ukimpiga usoni, akasema taratibu, "Baba, unampenda mama yangu?"

Kalamu ilikuwa mezani karibu na mkono wa Mpiga Chapa. Hakuigusa.

"Ndiyo," akasema.

Kwa sauti. Zaidi ya miezi miwili ya kuandikiana na sikuwahi kuisikia. Ilikuwa nzito, ikapanda mahali isipopaswa kupanda, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Binti akanitazama. Mimi nilikuwa na sahani tatu mkononi na nikazishika hivyo hivyo.

Baadaye, kwenye chai, Mpiga Chapa akachukua daftari na kuandika mambo rasmi: kwamba anaomba tuoane, na kwamba binti akubali pia. Binti akasema anakubali. Nikasema nami nakubali, ila nyumba yangu ni yangu na yake ni yake. Atakuja Jumatano na mwisho wa wiki, mimi nitakwenda nikipenda. Nina cherehani, nina vitu vyangu, miaka tisa nimezoea kulala katikati ya kitanda. Hapo binti alishtuka kuliko alivyoshtushwa na jambo lolote tangu Machi. Akasema hajawahi kusikia ndoa ya namna hiyo.

Nikamgeukia mwenyewe kuona kama ameumia. Alikuwa anaandika kwa haraka, akatugeuzia daftari sote wawili.

"Afadhali. Naambiwa nakoroma vibaya sana. Mimi binafsi sijawahi kusikia."

Binti yangu akafyatuka kicheko, akakikata ghafla, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akamtazama kwa hofu kama amevunja kitu. Mpiga Chapa akanyoosha mkono, akaishusha ile mikono taratibu, aone anavyocheka.